Posa Iliyomtangulia Mshenga

Aibu hii ni yangu, na naisimulia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine ikiwa imeongezwa chumvi.

Pale Chang'ombe mimi ndiye niliyekuwa nikiwaeleza majirani historia ya intaneti: jinsi kompyuta chache za watafiti zilivyounganishwa ili zipelekeane ujumbe, zikaja barua pepe, zikaja zile intaneti kafe tulizopangia foleni, hadi sasa kila mtu ana posta yake mfukoni (yote nilijisomea mwenyewe). Kwa hiyo mpwa wangu Rashidi aliponifanya mshenga, nimpelekee Mzee Selemani wa Mwananyamala barua ya kumposa binti yake, na siku yenyewe mvua ikagoma kukatika, niliamua jambo dogo tu: niipige picha barua, nimtumie mzee kwa simu, ya karatasi ifuate.

Mwandiko niliukagua mara tatu. Inakokwenda sikukagua.

Dakika kumi baadaye Rashidi akapiga.

"Mjomba, umeiweka status. Ifute, naomba."

Kifurushi cha intaneti kilikuwa kimeisha. Nikajaribu kununua kingine, simu ikaniambia nijaribu tena baadaye. Na posa, kama mjuavyo, haitangazwi kabla ya jibu. Mzee akikataa, binti atanyooshewa vidole mtaa mzima. Nilipofanikiwa kuifuta, watu sitini na watatu walikuwa wameshaiona (nilihesabu), na baadhi yao ni wa Mwananyamala.

Nikaenda na mvua yangu, bahasha ndani ya mfuko wa nailoni. Nilimkuta mzee amezungukwa na majirani waliokuja kumpongeza.

"Karibu, mshenga," alisema bila kusimama. "Barua yako nimeshasomewa na muuza chipsi."

"Mwandiko tumeusifu," shangazi wa binti akadakia. "Ila hilo 'ua la bustani yako', kaka yangu hana hata kopo la maua."

Nikaanza kueleza kwamba kwenye simu jina lake na status vinakaa jirani. Mzee akanirudishia bahasha bila kuifungua.

"Kijana sina neno naye. Mwambie alete mtu anayejua kubisha hodi."

Usiku ule Rashidi hakula kwangu.

Jumapili barua ileile ilipelekwa na jirani yangu Athumani, fundi viatu mwenye simu ya kitochi isiyojua hata intaneti, akabisha hodi, akaketishwa, akanyweshwa chai, akarudi na jibu: ndiyo. Harusini mimi nilipangiwa kiti kando ya jenereta.

Nimeapa: barua ya mtu mmoja nitaifikisha mkononi mwa mtu mmoja, hata kwa miguu. Kiapo nakishika vizuri, maana tangu siku ile hakuna aliyenituma tena.