Nilimshuku Mume Wangu kwa Kuoga Alfajiri

Msinionee huruma, kosa ni langu. Mimi ni mwalimu, mzaliwa wa bara, Mkatoliki. Mume wangu Mwislamu wa hapa hapa Kirongwe, mkulima wa minazi. Tulifunga ndoa ya kwao, nami nikabaki na rozari yangu. Tulielewana.

Kwaresima ilipoingia nilimwambia nafunga, na mambo ya kitandani yangoje hadi Pasaka. Alicheka. "Sisi hata Ramadhani usiku ni halali, mke wangu. Lakini nitakusubiri." Akahamia chumba cha uani.

Alfajiri moja nikasikia maji bafuni. Akatoka nywele zinachuruzika, akaenda msikitini. Siku chache baadaye, tena!

Nikakumbuka utani wa wifi yangu: mwanamume akikoga hadi kichwani kabla ya swala, ujue katoka kwa mwanamke. Kwangu hakutoka. Sasa katoka kwa nani?

Nikaanza upelelezi. Nilinusa kanzu zake. Nilimwaga majivu mlangoni kwake nione nyayo. Sikuona kitu, na huko kutoona ndiko kulikonizidishia wasiwasi. Nilisema huyu ni mjanja.

Mwisho nilimbana mbele ya mama yake. Akainamisha kichwa. "Niliota tu. Ukiota unakoga, basi. Aliyelala haandikiwi dhambi."

Laiti ningenyamaza! Lakini nimelelewa kuwa anayetamani moyoni amekwisha kuzini. Nikamuuliza, "Ulimwota nani?" Nikamtajia wanawake wa mtaa mzima, mmoja baada ya mwingine, mama mtu akisikia.

Hakujibu hata jina moja. Alikusanya nguo zake akaenda kwa ndugu zake kisiwa cha Bwejuu. Talaka aliileta mjomba wake.

Mama mkwe alipokuja kuchukua vyombo vya mwanawe, nilimpa shikamoo.

"Marahaba," aliitikia bila kunitazama. "Alikuota wewe, mwalimu. Aliona haya kulisema mbele yangu mimi mzazi wake."

Zamani aliniita mwanangu.

Nalia mpaka leo. Na bado, Mungu anisamehe, kuna saa nawaza: mama gani asiyemkingia mwanawe?

Wenzangu mnaoishi na mtu wa dini nyingine, ulizeni kwao dhambi inaanzia wapi kabla hamjahukumu kwa sheria ya kwenu. Na mkijibiwa, aminini. Mimi nilijibiwa.