Marehemu Wasiosikia

Enzi zetu, sisi tuliokulia Ifakara miaka ya themanini, televisheni haikuwa ya mtu mmoja. Pale Lipangalala fundi cherehani mmoja alikuwa na televisheni, deki na jenereta, na Jumapili baada ya misa tulijaa uani kwake: watoto mbele kwenye mkeka, akina mama nyuma na karanga zao, harufu ya petroli imetanda. Mikanda yake ilikuwa ya wapelelezi wa Kizungu. Mdogo wake, aliyefika kidato cha pili, ndiye aliyetutafsiria. Nadhani nusu alikuwa anatunga.

Mpelelezi hatukumjali. Sisi tulikuwa tunamgombeza marehemu kabla hajafa. Maana walikuwa wajinga wale, jamani! Mzee tajiri anakaa mezani na ndugu wote wanaomchukia, anatangaza kwamba kesho asubuhi atabadilisha wosia. Kesho! Halafu anapanda chumbani, mpwa wake anamletea maziwa. "Usinywe, babu!" tunapiga kelele. Anakunywa yote. Mwingine mtumishi wa ndani, kamwona muuaji kwa macho yake. Badala ya kwenda polisi, anampigia muuaji simu wakutane bustanini, wawili tu. Mama yangu alitema ganda la karanga akasema, "Huyu hajauawa, huyu kajipeleka." Kisha akatugeukia sisi: "Na nyie mkiona kitu, semeni hapohapo, tena kwa sauti."

Msimu wa mpunga ukifika tulihamia mashambani, upande wa Mofu. Watoto tulishinda juu ya madungu, vile vijumba vya miti vya kuamia ndege, tukipiga madebe na kutaniana dungu hadi dungu.

Siku moja rafiki yangu Skola alirudi kutoka bwawani, tulikochota maji ya kunywa, na ndoo tupu. Alimkuta mvuvi anamwaga sumu ya wadudu majini, samaki wanaelea matumbo juu. Yule mvuvi akamwambia asimwambie mtu, arudi baadaye peke yake, atamjazia ndoo perege.

"Nitamwambia mama jioni," Skola akasema. "Nikachukue perege kwanza."

"Skola! Wewe si ndiye yule mtumishi wa bustanini!"

"Aka! Yule mjinga?"

"Tena yeye hakufuata perege! Na wanaochota maji saa hizi?"

Uso ukambadilika. Mama yake mdogo alikuwa ametoka kuchota maji ya uji wa mtoto. Skola akapanda dungu kama nyani, akashika debe: "Msinywe maji! Bwawa lina sumu!" Dungu la pili likapokea, la tatu likapokea, sauti ikaruka juu ya mpunga mpaka mwisho wa mashamba. Mama mdogo alikuwa ameshainua mwiko. Akamwaga sufuria yote chini, mtoto analia njaa. Wanaume wakamkamata mvuvi pale pale bwawani na samaki wake, wakampeleka kwa balozi wa nyumba kumi.

Yule mtoto wa uji leo ana masharubu. Akinikuta sokoni, "Shikamoo mama," namwitikia, namtazama anavyoondoka na watoto wake.

Siku hizi wajukuu zangu kila mmoja ana simu yake, masikio wameyaziba kwa vile vijiwaya, wamekaa kama wako msibani. Marehemu wa filamu anashuka peke yake kwenye shimo la giza, wao kimya! Nikiwagombeza wananijibu, "Bibi, hakusikii." Kwani sisi walitusikia?

Wiki iliyopita nilivichomoa vile vijiwaya vyote, nikawakalisha kwenye mkeka mmoja, simu moja, sauti juu. Dada mmoja kwenye simu kaona kisu chenye damu, anasema atamwambia mumewe kesho. Wakubwa wakacheka. Yule mdogo wa mwisho, hata shule hajaanza, akasimama: "Dada, sema sasa hivi! Piga kelele!"

Nikamkatia kipande kikubwa cha muwa. Jumapili ijayo namwalika Skola.