Nainokanoka kwa Gia ya Kwanza

Ndugu zangu wa Mbulumbulu, nasikia habari ya safari yangu imewafikia ikiwa na chumvi nyingi. Wengine wanasema nilimgonga nyati, wengine wanasema nilibebwa na Wamasai kwenye ngozi ya ng'ombe. Naiandika mwenyewe ili mpate iliyo kweli, na iliyo kweli inanitosha kujivunia.

Sababu ya kuondoka ilikuwa ng'ombe. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, na boma moja kubwa kule juu Nainokanoka lilikuwa bado halijachanjwa sotoka, ile tauni inayomaliza ng'ombe. Gari la ofisi yetu ya mifugo hapa Karatu lilikuwa juu ya mawe, halina magurudumu, linafugiwa kuku. Kilichokuwapo ni pikipiki mpya nyekundu iliyoletwa mwaka ule, na kila mtu alijua kwamba ni ya Elibariki, mwenzetu wa ofisini, kwa kuwa Elibariki ni mwanamume na alishawahi kuendesha. Kumbe Elibariki alikuwa zamu ya mnadani wiki ile. Mzee Lohay, mkuu wetu, alipouliza nani ataipeleka chanjo, mimi ndiye niliyeinua mkono.

Nilikuwa nimejifunza kuendesha kwa wiki mbili tu, kwenye uwanja wa mnada siku ambazo hakuna mnada, tena mwalimu wangu alikuwa huyo huyo Elibariki. Hakuwa mchoyo. Alinifundisha kupiga kiki, kubadili gia, kufungua plagi na kuisafisha, kufungua mkono wa klachi kwa spana na kuurudisha. Nilianguka mara nne mbele ya akina mama wa vitunguu, na mara zote nne walinihesabia kwa sauti. Waliosema zaidi waliisema suruali yangu. Mwanamke wa Kiiraqw, bibi mifugo mwenye cheti, ndani ya ovaroli ya kiume! Nikawaambia gauni na mnyororo wa pikipiki haviendi pamoja, na kwamba mnyororo ndio unaoshinda.

Mzee Lohay alipouona mkono wangu alisema mbele ya wote, "Utakwenda, Paskalina. Lakini pikipiki hii ikirudi juu ya lori, ufunguo nampa Elibariki, na wewe unarudi kwenye meza ya vibali."

Meza hiyo niliikalia miaka mitatu, nikigonga mihuri ya vibali vya ngozi, wakati mafunzo yangu yote yalikuwa ya ng'ombe walio hai. Nilikubali sharti.

Saa kumi na mbili asubuhi niliondoka. Nyuma, juu ya keria, nilifunga sanduku la barafu lenye chupa za chanjo, nikalikaza kwa mipira ya tyubu. Kwenye tangi mlikuwa na petroli iliyochanganywa na oili, kipimo nilichokipima mara tatu. Hadi geti la Lodoare, la kuingilia hifadhini, barabara ni ya changarawe, na kwa kuwa mvua ya usiku ilikuwa imelaza vumbi, niliruka mashimo nikiimba ndani ya helmeti. Watoto wa shule walisimama pembeni kunipisha. Mmoja aliniamkia, "Shikamoo, baba," nami nikaitikia marahaba bila kumsahihisha, maana sikutaka kupunguza mwendo.

Saa moja unusu, getini. Askari wa zamu alikagua barua ya ofisi, akaizunguka pikipiki, akauliza dereva yuko wapi. Nilipovua helmeti alinirudishia barua kwa mikono miwili, akawa mtu mwema kabisa. Aliniasa kwamba nikimkuta nyati barabarani nisimame mbali, nisipige honi, nisijaribu kumpita. Alisema nyati hana haraka, na mimi pia nisiwe nayo.

Kutoka hapo barabara inapanda msituni. Ukungu ulikuwa mzito hata nikawa naona mita chache tu mbele ya taa. Kwenye kona ya tatu au ya nne nilimkuta huyo nyati, dume, amesimama katikati ya njia akitafuna. Nilisimama. Nikangoja kwa muda wa kutosha kusali rozari nusu, mpaka alipoamua mwenyewe kuingia kwenye majani. Sikumgonga, wala sikumgusa. Hayo ya kugongana yatoeni kwenye hadithi.

Saa tatu nilifika juu, ukingoni mwa bonde. Kreta ilikuwa imejaa ukungu kama sufuria la uji, sikuona hata mnyama mmoja. Watu huja kutoka Ulaya kutazama shimo lile, na mimi niliyezaliwa karibu nalo nilikuwa ndiyo kwanza nafika mahali pale. Nikashika njia ya kulia, inayozunguka ukingo upande wa mashariki kuelekea Nainokanoka.

Na sasa nifike kwenye kosa langu. Miaka hii ya petroli ya shida, kila dereva wa Karatu akifika mteremkoni huweka fri, gia isishike, na kuzima injini, ateremke bure. Wa malori hufanya hivyo, hata padri hufanya hivyo, na asiyefanya huonekana mbadhirifu. Elibariki alinifundisha hivyo pia, ila uwanja wa mnada hauna mteremko. Nilipofika mteremko mrefu wa kwanza wa udongo mwekundu, nikaweka fri, nikazima, nikajiona dereva kamili.

Kwa mita hamsini ilikuwa raha tupu. Halafu pikipiki ikazidi kukimbia, nikakamata breki, gurudumu la mbele likateleza, na mimi nikaenda chini ubavu mzima. Kiwiko kilichubuka. Kitu cha kwanza nilichokimbilia ni sanduku. Chupa zilikuwa salama zote, barafu ipo. Kitu cha pili nilichokiona ni mkono wa klachi, umekatika katikati, kipande kimelala matopeni.

Nililia, sifichi. Nililia kwa hasira, maana niliiona ile meza ya vibali na kiti chake kinacholegea. Kisha nikaokota kipande changu, nikaiwasha injini kwa kiki, nikaisukuma pikipiki ikiwa fri mpaka ikaanza kutembea, nikarukia juu na kuigonga gia ya kwanza kwa mguu. Ilishtuka vibaya, lakini ikaenda. Bila klachi sikuweza kusimama ila kwa kuzima, na nikizima ilibidi nianze upya kusukuma. Hivyo sikusimama. Nilikwenda gia ya kwanza njia yote iliyobaki, nikipitwa na mwanamke mwenye punda.

Saa nane mchana niliingia bomani. Nilizima injini mbele ya lango la miiba, nikaacha pikipiki ijifie kwenye nyasi. Mwenye boma, Mzee Ole Parmet, alikuwa ameketi na wazee wenzake. Kwa adabu ya kwao, kijana humwinamia mzee kichwa ili aguswe. Niliinama haraka, nikisahau kwamba bado nimevaa helmeti. Mzee aliigonga kwa kifundo cha kidole, ko ko ko, kama anayebisha hodi, na wazee wote wakacheka mpaka mmoja akafuta machozi. Kicheko hicho kilinisaidia kuliko hotuba yoyote. Mzee alizungumza Kiswahili chake cha taratibu. Aliniuliza habari za njia, za mvua, za ng'ombe wa Karatu, za wazazi wangu na mifugo yao, na hakuna aliyegusia chanjo mpaka yote yalipokwisha. Tukakubaliana tuchanje alfajiri, kabla ng'ombe hawajatoka kwenda malishoni. Baridi ya kule ingelinda barafu yangu.

Jioni nilimwonyesha kile kipande cha mkono wa klachi. Alikitazama, akakipeleka kwa mama yake, bibi kizee muunga mifupa ambaye boma zima linamwita Koko. Koko hakujua Kiswahili, mwanawe alitutafsiria. Alikichukua kile kipande kama mtu anavyoshika mguu wa mbuzi uliovunjika, akapitisha kidole kwenye jeraha, akauliza, "Kinavuta au kinabeba?"

Nikamwambia kinavuta. Akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Nilifungua kwa spana sehemu iliyobaki kwenye usukani, nikampa vipande vyote viwili. Alichonga kijiti cha mzeituni wa porini, akakilaza sambamba na chuma, kisha akaanza kuzungushia ukanda wa ngozi mbichi ya ndama aliyoiloweka majini. Alivuta kila mzunguko kwa meno. Alipomaliza aliutundika juu ya moto ndani ya nyumba yake, nami nikalala hapo hapo juu ya ngozi, pembeni ya wajukuu zake. Ndiyo ngozi pekee iliyohusika na kunibeba.

Alfajiri tulichanja. Ng'ombe walipitishwa mmoja mmoja kwenye ujia wa miti, vijana wakiwashika, na mimi na sindano yangu. Mzee Ole Parmet alisimama karibu akinitazama mikono. Dume moja lilirusha teke, nikalikwepa bila kuacha shingo yake, na nilimsikia mzee akimwambia jirani yake jambo kwa Kimaa. Nilipouliza, nikaambiwa amesema huyu amekulia zizini. Nimepewa vyeti viwili maishani, na hakuna hata kimoja kilichonipa furaha ya neno lile.

Saa nne tulikuwa tumemaliza kundi zima. Koko akaleta mkono wangu. Ngozi ilikuwa imekauka na kujikaza hadi imekuwa ngumu kama pembe. Aliipaka mafuta ya kondoo, akanipa onyo moja, nalo nililielewa kabla halijatafsiriwa: isilowe. Ikilowa, itarudi kuwa laini. Nilimwambia ashe, asante ya kwao, akanishika kichwa, safari hii bila helmeti. Niliurudisha mkono mahali pake kwa spana, nikaondoka.

Saa saba mchana, ukingoni, mvua ikashuka.

Nilisimama, nikavua kitambaa changu cha nailoni cha kichwani, nikaufunga mkono wa klachi. Hapo likaja lori la mbao kutoka nyuma. Dereva akasimama, akateremka kabisa, mtu wa makamo mwenye kofia ya sufu. Alisema utelezi wa kwenda getini umeshawashinda wanaume wawili siku hiyo. Alisema ana utingo wawili na kamba, dakika tano tu pikipiki itakuwa juu.

Sijui kama mmewahi kutaka kitu kama nilivyotaka kupanda lile lori. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Ngozi ingelowa, na ikilegea nikiwa mteremkoni ningebaki mikono mitupu. Nikamshukuru, nikamwambia, "Baba, hii nikiipandisha humo, sitaiteremsha tena."

Hakunielewa, lakini aliona uso wangu. Akasema basi atakuja nyuma polepole, nikianguka asinikanyage.

Nilijiuliza, kama klachi itanifia, nimebakiwa na nini? Nikakumbuka jana yake nilivyotambaa gia ya kwanza hadi bomani, kupanda na kushuka, na kwamba kwenye kila mteremko injini yenyewe ndiyo iliyokuwa ikinizuia, bila hata kugusa breki. Jibu nilikuwa nimelipanda tayari. Pale juu niliwasha, nikabana klachi mara moja tu, nikaingiza gia ya kwanza, nikaachia. Sikuweka fri. Sikuzima. Sikubadili. Petroli iliungua nami nikaiacha iungue. Pikipiki ilinguruma kwa hasira ikijizuia yenyewe, na mimi nilitanua miguu pande mbili, buti zikiburuta matopeni. Mwenda pole hajikwai, wahenga walisema, ila hawakusema kuwa mgongo utamuuma namna ile. Nyuma yangu lile lori nalo lilikuja kwa gia ya chini, injini inaunguruma.

Getini mvua ilikuwa imekatika. Dereva alipiga honi ndefu, akanipita akitoa mkono dirishani. Nilipofunua kitambaa niliikuta ngozi imeanza kulainika kwenye ncha, na kijiti kinacheza. Iliniwezesha kubana klachi mara chache tu mpaka Karatu, nami nilizitumia kwa uchoyo.

Saa kumi na moja jioni niliingia uani kwa ofisi juu ya magurudumu yangu mawili. Elibariki alitoka mbio, akanipokea kwa mikono miwili, akanisifu bila kijicho. Mzee Lohay alitoka taratibu. Aliizunguka pikipiki, akaona mikwaruzo, akagusa ile ngozi, akanusa mafuta ya kondoo.

"Ulianguka wapi?"

Ningeweza kusema ilianguka yenyewe ikiwa imeegeshwa. Nilimwambia yote, mteremko, fri, injini iliyozimwa, kwamba ni kosa langu na kwamba ndivyo tunavyofanya sote hapa. Elibariki akatazama chini. Mzee Lohay, ambaye pia huteremka mteremko wa Rhotia injini ikiwa imezimwa, alikohoa.

"Nilisema ikirudi juu ya lori," akasema. "Sikusema ikirudi imekwaruzika. Nenda kaandike ripoti."

Sikurudisha ufunguo, na hakuuomba.

Niliyojifunza ni haya: mteremkoni usizime injini ili uokoe petroli, kwa kuwa utakachopoteza ni kikubwa zaidi. Chuma kikivunjika, muulize anayejua kuunga mifupa. Na mtu akikuuliza ulianguka wapi, mwonyeshe mahali.

Nilikaa mezani bado nikiwa na matope, nikachukua fomu ya ripoti ya safari. Ng'ombe waliochanjwa, nikajaza. Hali ya malisho, nikajaza. Chini kuna mstari wa namna ya usafiri, ambapo mimi na wanawake wenzangu wa ofisi ile tuliandika siku zote kwa miguu, au kwa msaada wa gari la fulani. Nilikaza kalamu nikaandika: Pikipiki, kwenda na kurudi. Mwendeshaji, mimi mwenyewe.