Ukanda Ambao Nerida Hakuupalilia

Usimwite Nerida Halloran mtetezi wa mazingira mbele yake. Angekutazama kana kwamba umemtukana. Yeye alikuwa mng'oa magugu, basi. Kila Jumanne kwa miaka ishirini na sita alipiga magoti katika Hifadhi ya Corbett, hapa kwetu Perth, na kisu chake kikuukuu cha jikoni. Alianza palipo pazuri akielekea palipoharibika, maana ukianza na pabaya, magugu yanakurudia mgongoni. Mimi, jirani yake, nilibeba magunia na chupa ya chai.

Ukanda mmoja tu hatukuugusa, ule wa kando ya barabara. Majani yalifika kiunoni, na humo walijificha bandikuti, wanyama wadogo wenye pua ndefu wanaochimbachimba ardhi.

"Ukiyang'oa haya, mbweha atawamaliza kwa wiki moja," alisema Nerida. "Acha paonekane pabaya."

"Sema tu magoti yamechoka," nikamtania.

"Magoti yangu yanafanya kazi kuliko kichwa chako, Clive."

Kila Juni alijaza ripoti ya kikundi chetu cha kujitolea kwa ajili ya halmashauri. Nerida hakujua kudanganya, hata karatasi. Kuhusu ukanda ule aliandika mwaka nenda mwaka rudi: "Umejaa magugu. Haujasafishwa." Sababu hakuiandika. Sote tuliijua, aiandike ya nini?

Hifadhi yetu ni ya daraja A. Haimegwi mpaka Bunge likubali, nasi tukalala fofofo tukiegemea herufi hiyo moja. Kisha serikali ikataka kupanua barabara. Siku ya mjadala tulikwenda bungeni, tukaketi juu kwenye viti vya wageni. Waziri akasimama na karatasi mkononi.

"Tunachoomba ni mita ishirini za magugu," alisema. "Wanaoitunza hifadhi wamekiri wenyewe. Nawasomea."

Akasoma. Nerida akanikamata mkono.

"Hayo maneno ni yangu," alininong'oneza.

"Najua."

"Mbona hasemi habari za bandikuti?"

"Hukuziandika, Nerida."

Laiti ningeumeza ulimi wangu. Wakapiga kura, nusu saa haikufika, ukanda ukawa mali ya barabara. Nilimchukia yule waziri na bado namchukia, lakini nilijichukia zaidi, kwa sababu ripoti zile zote nilizisoma kabla hazijapelekwa na sikuona kasoro. Tukaahidiwa kipande kingine cha ardhi nyuma ya jalala, ati tukakipalilie. Wakakipalilie wao, tena kwa meno.

Septemba wataalamu walikuja na mitego, wakawachukua bandikuti waliowapata. Gari lao lilipoondoka, Nerida akatoa kisu, akaingia kwenye majani.

"Unafanya nini?" nikamuuliza. "Tingatinga linakuja Jumatatu!"

"Napalilia. Sasa hakuna wa kumficha."

"Umechanganyikiwa wewe."

"Piga magoti, au nenda nyumbani ukanywe chai."

Nikapiga magoti. Siku nne tulifanya kazi. Siku ya pili, chini ya majani, tulikuta maua, okidi za njano, kila moja ndogo kama kucha, zimejikunja kwa kukosa jua. Kumbe zilikuwepo miaka yote hiyo. Kufikia Jumapili zilikuwa zimenyooka, ukanda mzima. Sikuthubutu kumtazama Nerida usoni.

Jumatatu asubuhi dereva wa tingatinga alizima mashine, akashuka, akazitazama okidi, kisha akatutazama sisi na udongo wetu magotini.

"Samahani, mama," alimwambia Nerida. "Hivi ni hapa kweli? Mimi nimeambiwa nakuja kufyeka magugu."

"Ni hapa."

Akafungua karatasi yake, akaisoma tena, akatikisa kichwa.

"Imeandikwa, 'Umejaa magugu.' Nani huyo kaandika upuuzi huu?"

Nerida alikifuta kisu chake kwenye sketi.

"Mimi," alisema.