Marufuku Kupanda Miti

Shangazi yangu anatunza ile bustani ya mbele ya posta, mwaka wa kumi na tisa sasa. Watu wanamwita Kamanda. Anafagia, anamwagilia, anafukuza wanaolala na viatu kwenye mabenchi, na anajua nani alichumbiwa benchi gani na nani aliachwa benchi gani. Ukikaa naye kidogo unajuta, maana benchi la tatu peke yake lina hadithi ya mpaka adhuhuri.

Mimi niliacha shule kidato cha pili, kwa hiyo kwake mimi ndiye msomi wa ukoo. Siku watoto walipovunja tawi la tatu kwa kurukaruka juu ya miti, akaniletea ubao na kopo la rangi.

"Andika wasipande miti."

"Shangazi, tuandike kukwea. Kupanda kuna..."

"Kukwea? Nani hapa mjini anasema kukwea? Andika watu waelewe, usinionyeshe shule uliyoitoroka."

Haya. Nikaandika kwa herufi kubwa, nyekundu: MARUFUKU KUPANDA MITI. Watoto wakaendelea kupanda. Nikamgombeza mmoja, akanijibu akiwa huko huko juu, "Sisi hatuna hata jembe, kaka!"

Nilichoka.

Mwaka huu upepo ukaangusha ule mti mkubwa wa katikati. Wacheza drafti wakabaki kuhamahama na meza yao, wanafuata kivuli cha nguzo ya taa, chembamba kama kamba ya kuanikia nguo. Shangazi akaotesha miche kumi na miwili kwenye makopo nyuma ya stoo yake, akaingoja mvua kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Mizizi ilishaanza kuchungulia chini ya makopo. Isipoingia ardhini mvua hizi, imekufa yote.

Mvua ikanyesha. Asubuhi yake tuko na majembe, shimo la kwanza tayari, akatokea msimamizi mpya wa bustani za manispaa, faili kwapani, viatu vinang'aa.

"Mama, kibao kile kinasemaje?"

"Kibao changu mwenyewe kile."

"Kwa hiyo unajua ni marufuku kupanda miti, na bado unapanda."

Shangazi akanigeukia. Lile jicho! Ningekuwa mche ningekauka pale pale.

Nikajaribu kueleza: bosi, ni kupanda kwa miguu, siyo kwa jembe.

"Imeandikwa miguu?"

Haijaandikwa.

"Basi leteni barua. Kamati inakaa mwezi ujao, kibao kitarekebishwa, ndipo mtapanda."

"Mwezi ujao mvua imeshakwenda zake," Shangazi akasema. "Barua utaimwagilia wewe?"

"Mama, sheria ni sheria."

Hapo kinyozi mmoja, bingwa wa drafti wa kujitangaza, akadakia, kete mkononi. "Samahani, mkubwa. Wewe ulishaona wapi mti unaishi kwenye kopo la mafuta ya kupikia?"

Shangazi akalinyanyua kopo mpaka karibu na pua ya msimamizi. Majani manne, ukiyahesabu kwa huruma.

"Hii siyo miti, baba. Hii ni miche. Kibao kimekataza miche?"

Msimamizi akakisoma kibao tena, midomo ikicheza. Akafungua faili. Akalifunga.

"Na ikikua?"

"Siku ikiwa miti, njoo unikamate. Utanikuta kivulini."

Wacheza drafti wakapiga meza mpaka kete zikaruka. Msimamizi akaondoka akisema anakwenda kuuliza ofisini. Tulipanda yote kumi na miwili kabla hajarudi. Mgongo wangu ni shahidi.

Kisha nikaamrishwa kurekebisha kibao. Nikafuta, nikaandika KUKWEA, vizuri kabisa. Kesho yake watoto wako juu ya mti kama kawaida, miguu inaning'inia.

"Kaka, kukwea ndiyo nini?"

Shangazi hata hakuwatazama wao. Alinitazama mimi.