Indiketa ya Kulia Barabara ya Lugoba

Mnicheke, lakini mnisikilize. Mimi ndiye msomi wa ukoo, ninayebisha hata taarifa ya hali ya hewa. Digrii iliposhindwa kunipatia kazi nilikwenda Oman kuendesha lori. Kule tunaendesha upande wa kulia, na ukitaka wa nyuma akupite, unamwashia indiketa ya kulia.

Wiki iliyopita, nikiwa nimerudi juzijuzi tu, nilitoka Chalinze na shehena ya saruji kwenda Lugoba. Lori lilikuwa linajivuta. Nyuma gari dogo likapiga honi. Nikawasha ya kulia, wapite. Hawakupita. Nikawasha tena na tena, barabara mbele ni nyeupe.

"Watu wa kwetu," nikajisemea nikicheka, "gari wananunua, moyo hawanunui."

Lugoba nikasimama dukani. Gari likasimama nyuma yangu, dada mmoja akashuka mbio kuelekea nyumba ya jirani iliyotandwa turubai. Wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini na majembe.

"Pole, mwanangu," mzee mmoja akamwambia. "Tulikusubiri umwone mama uso. Tumemzika sasa hivi."

Dada akakaa mchangani. Dereva wake akanijia.

"Kaka, tumekuomba njia tangu Chalinze! Kila tukitaka kupita unatuwashia kulia, tusipite. Mbele kulikuwa na nini?"

"Hakukuwa na kitu," nikasema. "Nilikuwa nawaruhusu."

"Unaruhusu kwa kulia? Udereva umejifunzia wapi wewe?"

Wanaume wakasimama na majembe yao, wakisubiri jibu. Dada naye akainua uso, akanitazama.