Hawa Samaki Wanakula Nini?

Niungame mapema, mwanangu, kabla hujayasikia kwa majirani: mimi ndiye niliyefuga samaki ndani ya kompyuta, wakala jina la mtoto wa watu.

Juzi uliniuliza ile kompyuta kuukuu uliyoinunua kwa ajili ya nyumbani uiwekee sura ipi, maana mifumo hii ya bure inakuachia uchague mwenyewe madirisha yafungukeje, menyu ikae wapi, mstari wa chini ubebe nini. Ukanionyesha moja inayometameta, ukasema, "Mzee, hii ni kali." Nikakuambia ngoja kwanza. Usidhani ilikuwa hekima. Nilikuwa namkumbuka Baba Amosi.

Wakati ule nilikuwa kijana wa kuwa na mke na watoto wawili, nywele zote na akili nusu. Shule niliishia kidato cha nne, na tangu hapo miguu yangu ni mizito kuvuka lango. Mke wangu husema nikienda mjini Kiomboi kuku hunililia wakidhani nimehama. Basi mtu wa kukaa ndani hutafuta kazi za kukaa ndani. Nikanunua kompyuta iliyokwisha kutumika, kumbukumbu yake giga moja tu, na sura yake ya kawaida kabisa: kijivu kitupu, menyu kwenye kona, basi. Haikuwa na uzuri wowote, lakini ukibonyeza inafunguka kabla hujakohoa. Kwa mashine hiyo nikawa mwandishi wa mtaa mzima hapa Kinampanda. Nilichapa kadi za mwaliko, ratiba za kwaya, na zaidi ya vyote wasifu wa marehemu, maana kwetu mtu hazikwi bila kusomwa alikuwa nani na ameacha nani.

Akaja shemeji yangu kutoka Arusha. Akaitazama mashine, akaizunguka kama anayenunua ng'ombe. "Shemeji, hii ni kompyuta au mashine ya kusaga?"

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi sikusifiwa, nilichekwa, na maji nikayatia vilevile. Kabla hajaondoka alikuwa ameniwekea sura mpya. Lo! Ukiburuta dirisha linatikisika kama mkia wa kondoo aliyenona. Kwenye kona ya juu hali ya hewa ya Singida, kana kwamba jua letu linahitaji kutangazwa. Na nyuma ya yote hayo bahari ya bluu, samaki wa kila rangi wakiogelea mchana kutwa.

Watu walikuja kutazama, nami nikawa najikohoza kama mwenye sinema. Siku moja akaja jirani yangu Baba Amosi, fundi mwashi na mfugaji, mzee ambaye hakupokea hata mbuzi wa zawadi bila kuuliza malisho yake. Alisimama nyuma yangu muda mrefu, kofia mkononi.

"Hawa samaki wanakula nini?"

"Hawali, mzee. Ni picha tu."

"Kinachotembea kinakula," akasema, akaenda zake.

Nilicheka mpaka jioni. Kwa kweli mashine ilikuwa imeanza uzito. Nikifungua barua, nilikuwa nakwenda kunywa maji na kurudi kabla haijatokea. Nikasema ni ugeni, itazoea. Mpumbavu hachoki kuvitetea vya kwake.

Haukupita mwezi, Baba Amosi akalala asiamke.

Asubuhi ya mazishi mkewe akaniita mkekani alipokuwa amekaa na kina mama wenzake. Hapa unielewe vizuri, mwanangu. Amosi alifika katika nyumba ile akiwa mgongoni mwa mama yake; baba aliyemzaa alikuwa mwingine. Mzee akapata watoto sita na mama huyo, lakini yeye mwenyewe alitaka aitwe Baba Amosi, kwa jina la mtoto yule wa mgongoni, na hakuna jirani aliyemwita vinginevyo. Ndugu zake wa ukoo ndio walikuwa na maneno, kwamba Amosi si damu yao. Mama Amosi aliyajua, ndiyo maana akanishika mkono.

"Andika saba," akasema. "Amosi awe wa kwanza. Na usimwandike wa kambo. Mwenyewe hakulitamka neno hilo mpaka anafumba macho."

Nikaandika yote kwenye daftari langu dogo, nikalitia mfukoni, nikaenda nyumbani kuchapa. Nyumba zetu zinagusana uzio. Mazishi yalikuwa saa nane, na muda ulikuwa tele. Nikafungua programu ya kuandikia. Nikafungua picha ya marehemu ya kuweka juu. Nikawasha printa. Kila kitu kikasimama kama nguzo, isipokuwa samaki. Samaki waliendelea kuogelea.

Nikazima, nikawasha, nikaanza upya. Ikaganda tena pale pale kwenye picha. Mke wangu akaja mlangoni. "Baba Rehema, wanakuuliza."

"Waambie dakika tano."

Akarudi mara ya pili. "Mchungaji amefika. Si ukasome tu kwenye daftari?"

Nikamgeukia kwa dharau ambayo mpaka leo ananidai. "Mzee kama yule asomwe kwenye daftari la kuandikia sukari na chumvi?"

Akaniangalia, akatazama wale samaki, akajifunga kanga yake vizuri, akaenda msibani.

Nilikuwa nimeizima mara ya tatu niliposikia kipaza sauti ng'ambo ya uzio. Ilikuwa sauti ya mdogo wake marehemu, anasoma kikaratasi chake mwenyewe. Alizaliwa. Alisoma. Alioa. "Ameacha mjane na watoto sita." Akawataja mmoja mmoja. Nikahesabu kwa vidole kama mtoto wa chekechea, nikiomba nimekosea. Wa kwanza alikuwa Yusta, yule anayemfuata Amosi.

Nilikimbia, mwanangu, mimi nisiyekimbia hata mvua. Nilipofika langoni kwangu jeneza lilikuwa linapita, na aliyebeba mbele upande wa kulia ni Amosi, ametoka Shelui anakoziba matairi ya malori, mikono bado na weusi wa mpira. Hakunitazama wala hakumtazama mtu. Daftari lilikuwa mfukoni mwangu muda wote. Majuto ni mjukuu, na huyo wangu alinipanda mgongoni siku hiyo hiyo.

Siku ya nne nilikwenda kuomba radhi. Nilipiga magoti kabisa, nikasema shikamoo, nikasema mashine iligoma. Mama Amosi hakupandisha sauti.

"Mume wangu alikuuliza hao samaki wanakula nini. Umejua sasa? Wamekula jina la mwanangu."

Kesho yake niliibeba mashine kwenye baiskeli hadi Kiomboi. Fundi akaitazama, akaguna. "Ndugu, huyu ni punda, wewe umempakia mzigo wa lori, halafu juu yake ukaweka na bendi." Akaondoa vyote, akarudisha kijivu changu. Siku ya arobaini nilipeleka wasifu uliochapwa, nakala za kutosha, picha juu. Mchungaji akasoma: ameacha mjane na watoto saba, wa kwanza Amosi. Mdogo wake marehemu akakohoa, lakini kilichochapwa kilikuwa mikononi mwa watu wote. Amosi aliikunja nakala yake mara nne, akaitia mfuko wa shati, akawa anaushikashika mfuko ule mpaka chakula kilipoisha. Nilifurahi, ndiyo. Ila siku ya mazishi haikurudi, na yeye alilibeba jeneza lile akiwa si mtoto wa mtu.

Kwa hiyo, mwanangu, swali lako nalijibu hivi. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mwenye mashine kubwa na apambe, simwonei wivu. Lakini wewe na mimi tuna punda. Chagua sura nyepesi kuliko zote utakayoipata, ile ambayo shemeji yako ataicheka. Fungua kwa pamoja kazi zako zote za kweli, barua, picha na printa, uone kama bado inakuitikia. Ukitaka kuongeza pambo, ongeza moja, ukae nalo juma zima, na kila linalotikisika uliulize chakula chake. Na siku mashine ikigoma watu wakikusubiri, liko daftari. Lisome bila aibu. Watu hawaji kutazama karatasi.

Mungu akupe kompyuta inayoamka upesi na moyo usiotishwa na kicheko cha mgeni, na jina la mtu lisipotee kamwe likiwa mikononi mwako.

Mama Amosi sasa ni bibi wa mkongojo, lakini kuchapisha barua zake bado anakuja kwangu. Wiki iliyopita alisimama nyuma ya kiti changu, akakiangalia kile kijivu, akasema: "Sura mbaya kama ya mwenyewe, ila hii ikiitwa inaitika."